Brora: moto uliozimwa 1983, na ile ladha ya mshumaa

Msomaji mmoja, mzaliwa wa Mombasa anayefanya kazi Aberdeen huko Uskoti, ameniandikia hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Mwezi uliopita mfanyakazi mwenzangu, mzee anayekaribia kustaafu, alinialika nyumbani kwake akanimiminia wiski kidogo kutoka chupa iliyoandikwa Brora 1981. Akaniambia kiwanda kilichoitengeneza kilifungwa 1983. Mimi tangu nyumbani nimezoea Johnnie Walker tu, basi hii ilinishangaza. Ilikuwa na ladha kama mshumaa uliozimwa sasa hivi, moshi kwa mbali, halafu utamu wa asali. Nina maswali matatu. Kama ilikuwa nzuri hivi, mbona walikifunga? Hiyo ladha ya mshumaa inatoka wapi? Na nasikia kimefunguliwa tena: je, kinachotoka sasa ni kilekile?"

Marahaba, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu umeutaja mshumaa bila kuelekezwa na mtu. Wapo waliofanya kazi ya kuonja miaka mingi na ile nta hawakuitambua mpaka walipoambiwa waitafute. Uamini ulimi wako.

Swali la kwanza ndilo linaloyabeba mengine, kwa hiyo nitaanza nalo kwa ufupi, kisha nirudi nyuma. Brora haikufungwa kwa ubaya wa wiski yake. Ilifungwa kwa sababu wakati ule ilikuwa kiungo tu. Mtu akinywa chai nzuri ya maziwa huisifu chai na mkono wa aliyeipika. Hamuulizi muuzaji iliki imetoka shamba gani. Wiski ya Brora ilikuwa ile iliki. Karibu yote ilipelekwa kuchanganywa ndani ya wiski nyingine, na Johnnie Walker yako ni mojawapo ya zile zilizokuwa zikitegemea viwanda vya kampuni iliyoimiliki Brora. Kwa hiyo huenda uliwahi kuona watu wakinywa tone la Brora katika baa ya Mombasa zamani, na hakuna hata mmoja pale aliyelijua jina hilo.

Lakini haikuanza kama kiungo, na hapo ndipo historia yake inapogusa moyo.

Ukitoka Inverness kwa barabara ya A9 kwenda kaskazini, bahari ikiwa kulia kwako, baada ya kama kilomita 90 unafika mji mdogo wa Brora, pwani ya mashariki ya Sutherland. Kiwanda hakiko mjini hasa. Kiko nje kidogo, kwenye mwinuko, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu, kimeitazama Bahari ya Kaskazini. Kilijengwa 1819, na aliyekijenga hakuwa mpika pombe. Alikuwa Marquess wa Stafford, bwana wa Kiingereza tajiri kupindukia, ambaye mkewe Elizabeth alikuwa amerithi karibu Sutherland nzima. Baadaye, 1833, alipewa cheo cha Duke wa Sutherland.

Jina hilo bado linauma kwa watu wa kule. Wakulima waliozungumza Kigaeli, walioishi kwenye mabonde ya bara kwa vizazi na vizazi, walifurushwa ili mabonde yawe malisho ya kondoo. Bonde la Strathnaver liliondolewa watu kwa awamu, 1814 na tena 1819, mwaka uleule wa kiwanda. Mapaa yaliangushwa, mbao zikachomwa moto ili wenyewe wasipate pa kurudi. Msimamizi mmoja wa mashamba hayo, Patrick Sellar, alishtakiwa Inverness mwaka 1816 kwa vifo vilivyotokea wakati wa kuwafurusha watu, na mahakama ikamwachia huru.

Waliofurushwa waliletwa pwani. Walipewa vipande vidogo vya ardhi ngumu na kuambiwa walime na wavue samaki, wao ambao maisha yao yalikuwa ng'ombe na mabonde. Shayiri waliyolima ilihitaji mnunuzi, na mnunuzi aliyekuwa karibu zaidi alikuwa mpika pombe wa magendo asiyelipa ushuru. Kiwanda kikajengwa kiyatatue yote kwa mpigo: kinunue shayiri, kiwakatie njia wapishi wa magendo, na kitumie makaa ya mawe yaliyochimbwa papo hapo Brora, mgodi uliokuwa na historia ya karne kadhaa na uliokuja kufungwa 1974. Machicha yaliyobaki baada ya kupika walilishwa nguruwe, na samadi ya nguruwe ikarudi kwenye mashamba mapya.

Kwenye karatasi ni mpango wa kupendeza. Mimi siwezi kuusifu bila kuwakumbuka waliokuwa wakiubeba mgongoni. Kila ninapofundisha kuhusu wiski hii huanzia hapa, maana shayiri ya pipa la kwanza ililimwa na watu waliotoka kushuhudia nyumba zao zikiungua.

Kiwanda hakikuitwa Brora wakati huo. Kiliitwa Clynelish, na jina hilo lishike, maana litatuchanganya baadaye. Kufikia miaka ya 1880 Clynelish ilikuwa na heshima ambayo viwanda vichache vilikuwa nayo. Mwandishi mmoja aliyezunguka viwanda vyote vya wiski vya Uingereza katika miaka hiyo aliandika kwamba wiski hiyo iliuzwa kwa bei ya juu kuliko wiski yoyote ya kiwanda kimoja, na kwamba ilikwenda kwa wateja binafsi tu; wafanyabiashara wakubwa walioagiza walikataliwa. Fikiria hilo. Wiski iliyokuja kuwa iliki ndani ya chai ya wengine iliwahi kuwakataa wachanganyaji mlangoni.

Biashara ya kuchanganya ndiyo iliyoshinda mwishowe. Watu wengi duniani walitaka wiski laini, isiyobadilika kutoka chupa hadi chupa, na hiyo hupatikana kwa kuchanganya wiski za kimea, yaani shayiri iliyochipuzwa, kutoka viwanda vingi na wiski nyepesi ya nafaka. Viwanda vidogo vikamezwa kimoja kimoja na kampuni kubwa ya Distillers Company Limited, iliyofupishwa DCL, ambayo 1925 iliungana pia na kampuni ya John Walker. Kufikia 1930 Clynelish ilikuwa mkononi mwa DCL. Miaka ya 1930 ikasimama kwa muda, vita vya pili vikaisimamisha tena, halafu ikaendelea, ikipikia wachanganyaji.

Sasa tufike mahali ambapo chupa ya mzee wako inaanza kueleweka.

Miaka ya 1960 wiski iliuzika sana, na DCL ikaamua kujenga kiwanda kipya kando ya kile cha zamani. Kilikamilika mwishoni mwa muongo huo: jengo la kisasa lenye ukuta wa vioo vikubwa na vyungu sita vya shaba nyekundu, ambavyo umbo lake lilinakiliwa kutoka vyungu viwili vya zamani. Kipya kikachukua jina la Clynelish. Cha zamani kikafungwa 1968, na kama mambo yangeishia hapo, mimi na wewe tusingekuwa na la kuzungumza.

Kilichokiokoa ni moshi. Wachanganyaji huhitaji wiski kidogo yenye moshi mzito, kama mpishi anavyohitaji pilipili manga, na moshi huo ulitoka hasa kisiwa cha Islay, upande wa magharibi. Islay ikapungukiwa. Kulikuwa na ukame, na maji ndiyo kila kitu katika kazi hii. DCL ikakitazama kile kiwanda kikongwe kilicholala kule Sutherland, ikakiwasha 1969, na kukiamuru kipike wiski ya moshi kama ya Islay. Haja ikazidi pale Caol Ila, kiwanda kikubwa cha Islay, kilipofungwa 1972 kijengwe upya, kisirudi kazini mpaka 1974. Kwa kuwa viwanda viwili haviwezi kuwa na jina moja, cha zamani kikaitwa kwa jina la mji: Brora. Kufikia 1975 jina hilo lilikuwa limetulia.

Nikueleze moshi wenyewe unaingiaje, maana wengi hudhani hutiwa kwenye pipa. Shayiri hulowekwa ichipue, iwe kimea, kama tunavyofanya kwa ulezi wa togwa. Kuchipua kukifika panapotakiwa, kimea hukaushwa kwa moto ili kisiendelee kukua. Kuni za asili za kazi hiyo kule ni mboji: majani, nyasi na mimea mingine ya kinamasi vilivyooza kwa maelfu ya miaka, vikakatwa vipande kama matofali na kuanikwa juani. Mboji haiwaki vizuri, hufuka. Moshi wake hung'ang'ania ganda la kimea kikiwa bado na unyevu, na tangu hapo hautoki: unavuka kuchachushwa, unavuka chungu cha shaba, unakaa miaka 30 ndani ya pipa na bado upo. Brora ya 1969 hadi 1973 ilitengenezwa kwa kimea kilichofukizwa sana. Ndiyo hiyo ambayo wakusanyaji wa chupa huisaka kwa jasho, hasa ile ya 1972.

Mimi nimeionja 1972 mara mbili tu maishani. Sitaisahau mara ya kwanza. Nilipoinua glasi nilidhani kuna mtu amefungua mlango wa zizi: harufu ya nyasi kavu, ngozi ya tandiko, samadi iliyokauka juani, majivu ya jikoni asubuhi. Ukiyasikia hayo kwa maneno utakunja uso. Ukinywa, chini yake kuna utamu mzito kama wa machungwa yaliyopikwa, na yote yanashikana kwa namna ambayo hakuna linalomzidi mwenzake. Mara ya pili nilikuwa na mwanafunzi aliyelelewa shambani. Alinusa, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hapa ni kwa babu."

Ila wewe hukunywa 1972. Ulikunywa 1981, na hizo ni wiski mbili tofauti zilizotoka kwenye chungu kilekile. Baada ya Caol Ila kurudi kazini, haja ya moshi mzito kutoka Brora iliisha. Walipika ya moshi mara chache chache hadi karibu 1977, na miaka ya mwisho moshi ukawa mdogo sana. Moshi ulipopungua, kilichokuwa nyuma yake tangu mwanzo kikajitokeza mbele, nacho ndicho nta yako.

Swali la pili, basi. Nta inatoka wapi?

Haitoki kwenye maji ya kijito cha Clynemilton, ingawa viwanda vyote viwili huchota hapo, wala haitoki kwenye upepo wa bahari kama wanavyopenda kueleza waongoza watalii. Inatoka kwenye tangi, na inabidi nikupeleke karibu nalo.

Wiski ya kimea hupikwa mara mbili. Chungu cha kwanza hutoa kileo hafifu. Chungu cha pili hukitakasa, na mpishi hugawa kinachotoka katika sehemu tatu. Kinachotangulia ni kikali na hakifai. Cha katikati, ambacho wenyewe hukiita moyo, ndicho kinachokwenda kwenye pipa. Cha mwisho ni kizito, kina mafuta na harufu ya unyevu. Cha mwanzo na cha mwisho havimwagwi. Vinahifadhiwa kwenye tangi, kisha vinarudishwa chunguni kupikwa tena na mzigo unaofuata. Sasa, ndani ya tangi hilo, wiki baada ya wiki, yale mafuta mazito hujikusanya, yakawa utando mzito unaoteleza na kushika ukuta. Kila kileo kipya kinachopita hapo huondoka na kidogo.

Pale Clynelish mpya waliwahi kuyasafisha matangi sawasawa, kama fundi yeyote mwenye bidii angefanya, na nta ikapotea kwenye wiski. Wachanganyaji wakashangaa: wiski imekuwa nyepesi, haina ule unene mdomoni. Ikabidi watafute chanzo mpaka wakafika kwenye ule uchafu waliouondoa, na tangu hapo wanaulinda. Wewe na mimi tumelelewa na mama zetu kuambiwa chungu kikisafishwa vizuri ndipo chakula kinapokuwa kizuri. Lakini hata mama zetu walikuwa na chungu kimoja cha maharage kisichosuguliwa ndani. Ni jambo hilohilo.

Brora ilikuwa na vyungu viwili tu, lakini umbo lilikuwa lile na kazi ilikuwa ya namna ileile. Kuna kitu kingine ninachokipa uzito mkubwa: mvuke wake ulipozwa kwa bomba refu la shaba lililojikunja kama nyoka ndani ya pipa kubwa la maji baridi nje ya jengo. Mitambo ya kisasa hupoza kwa mirija mingi midogo, ambako mvuke hugusana na shaba nyingi, na shaba husafisha. Wiski hutoka nyepesi. Ndani ya yule nyoka mvuke hugeuka maji haraka, hukutana na shaba kidogo, na hubaki na nyama mwilini. Nta juu ya mwili mzito, halafu miaka ishirini na kitu kwenye pipa la mwaloni: ndio ule mshumaa na asali uliousikia. Asali imetoka pipani.

Narudi kwenye kufungwa. Miaka ya 1970 kampuni zilipika kana kwamba ulimwengu hautaacha kunywa. Ubaya wa wiski ni kwamba unaipika leo kwa ajili ya mnywaji wa miaka minane, kumi au zaidi ijayo. Ikaja mishtuko ya bei ya mafuta, 1973 na tena 1979, uchumi ukadorora, na vijana wakahamia vodka, ramu nyeupe na mvinyo. Maghala yakajaa hadi watu wakaanza kuzungumza juu ya ziwa la wiski. DCL ikachukua kalamu. Mwaka 1983 pekee ilifunga viwanda 11 vya wiski ya kimea, na katika orodha hiyo kuna majina ambayo leo hutajwa kama marehemu wa heshima: Port Ellen, St Magdalene, Banff, Dallas Dhu, Glen Mhor, na Brora, iliyozimwa mwezi Machi.

Jiweke kwenye kiti cha yule aliyekuwa na kalamu. Kwenye kilima kimoja una viwanda viwili: kimoja kipya chenye vyungu sita, kingine cha karne ya 19 chenye viwili, kinachohitaji matengenezo. Vyote vinatoa kiungo, na kiungo kimezidi ghalani. Hata mimi, nipendavyo Brora, sioni hesabu ambayo ingekiacha kile cha zamani wazi. Kosa ninaloliona ni la kabla ya hapo. Kwa miaka 50 ni kidogo sana ya wiski hiyo iliyowekwa kwenye chupa yenye jina lake, kwa hiyo siku ya hukumu wanywaji wa kuitetea walikuwa wachache mno. Ingekuwa na wale wateja binafsi wa miaka ya 1880, mambo yangekuwa mengine.

Kilichofuata ni muujiza wa polepole. Mitambo ilipozimwa, mapipa yalibaki. Mengi yaliendelea kumiminwa kwenye michanganyiko kama kawaida. Machache yakasahauliwa, na wiski iliyosahauliwa kwenye pipa zuri mahali penye baridi haiharibiki upesi. Kila mwaka pipa hupoteza kama asilimia 2 kwa kuvukiza, fungu ambalo wenyewe wanasema ni la malaika, na kinachobaki kinazidi kukolea. Mwaka 1986 Guinness ikainunua DCL, na 1997 ikazaliwa kampuni tunayoiita Diageo. Katikati ya miaka ya 1990 walianza kutoa chupa za viwanda vilivyokufa bila kuzimua, na Brora ya 1972 ya miaka 22 ikawa miongoni mwake. Kuanzia 2002 hadi 2017 wakatoa Brora kila mwaka, kwanza ya miaka 30. Hapo dunia ikashtuka. Watu wakaanza kuuliza: hiki kiwanda kiko wapi? Wakajibiwa kuwa hakipo.

Kilikuwepo, ila kimelala. Nilifika hapo mara ya kwanza kabla ya habari yoyote ya kukifufua. Nilikwenda kutembelea Clynelish, na mwenyeji wetu akatuonyesha njia ya mawe mpaka kwenye lile jengo jirani. Mlango ulifungwa kwa kufuli. Niliweka viganja viwili kwenye kioo chenye vumbi na kuchungulia. Vyungu vyote viwili vilikuwa vimekaa mahali pake gizani, vyeusi kwa kutu ya shaba, na buibui walikuwa wamefuma kutoka shingo ya kimoja hadi ya mwenzake. Havikuvunjwa wala kuuzwa. Viwanda vingi vilivyofungwa mwaka ule vilibomolewa, pakajengwa maduka na nyumba za kukaa. Hiki kiliachwa kama nyumba ambayo mwenyewe amesafiri.

Oktoba 2017 Diageo ikatangaza kwamba itafufua Brora na Port Ellen kwa pamoja, kwa pauni milioni 35. Kazi ya Brora ilifanywa kwa heshima ambayo mimi, niliyezoea kuona kampuni zikipaka rangi na kupita, sikuitarajia. Vyungu vya zamani vilisafirishwa hadi kwa mafundi shaba wa Abercrombie mjini Alloa, vikarekebishwa na kurudishwa. Jengo la vyungu lilikuwa limechoka msingi, kwa hiyo likashushwa jiwe kwa jiwe na kujengwa tena kwa mawe yaleyale. Lile bomba la nyoka likarudi kwenye pipa lake la maji. Mei 2021, baada ya miaka 38, wakajaza pipa la kwanza. Bwana mpishi aliyesimamia siku hiyo, Stewart Bowman, ni mzaliwa wa Brora, na baba yake ndiye aliyekuwa afisa wa mwisho wa ushuru kiwandani hapo kabla hakijafungwa. Baba alishuhudia kufuli likifungwa, mwana akafungua lango.

Mwaka huohuo walitoa seti ya chupa tatu waliyoiita Triptych, seti 300 tu, kila moja kwa pauni 30,000. Bei hiyo si ya kwangu wala yako, lakini ilivyopangwa ni somo zuri kuliko maelezo yangu yote: chupa moja ya 1972, moja ya 1977, moja ya 1982. Udongo na zizi, moshi, nta. Yaani walikiri wenyewe kwamba Brora si wiski moja. Kwa hiyo mtu akikuambia "nimekunywa Brora", muulize kwanza mwaka wa kupikwa.

Swali la tatu: je, ya sasa ni ileile? Naweza kukujibu kwa uhakika nusu ya njia. Vyungu ni vilevile, maji ni yaleyale, upoozaji ni wa zamani, na wamesema wazi kwamba wanafuata taratibu za kabla ya 1983 kadiri inavyowezekana, kwa moshi wa wastani. Hayo yatakupa mwili na, matangi yakishatulia, nta. Visivyoweza kurudi ni shayiri na mapipa. Miaka ya 1970 shayiri kuu ya Uskoti ilikuwa Golden Promise, ambayo leo hulimwa kidogo sana kwa sababu mazao yake ni machache. Na mapipa mengi ya wakati ule yalikuwa yamechoka, yameshatumika mara kadhaa, kwa kuwa nani angepoteza pipa jipya kwa kiungo? Pipa lililochoka haliifuniki wiski kwa vanila na mbao, linaiacha iseme. Sehemu ya uzuri wa ulichokunywa ilitokana na kutojaliwa kwake, na kutojali hakuwezi kuigizwa na kampuni inayojua kuwa kila lita ni dhahabu. Juu ya yote ni umri. Iliyoanza 2021 itafika umri wa ile ya mzee wako miaka ya 2040.

Usikae ukisubiri. Nunua Clynelish ya miaka 14, yenye nguvu ya asilimia 46, ambayo bei yake mfanyakazi anaimudu. Mimina kidogo, weka matone matatu ya maji, funika glasi kwa kiganja na uihesabie dakika tano. Nta utaikuta pale. Moshi hutaupata ila kama uvumi. Kisha umwombe mzee akuonjeshe tena ile 1981, uzipange kando kwa kando, na hapo utaionja ile ncha ya moshi peke yake, kama mtu anayesikia uzi mmoja wa gitaa baada ya zingine kunyamaza.

Siku ukipata mapumziko, panda treni kutoka Inverness inayokwenda kaskazini, ushuke stesheni ya Brora. Tembea hadi kilimani. Utaona majengo mawili, la vioo na la mawe, karibu kiasi kwamba mtu akiita kutoka moja anasikika kwenye lingine. Omba wakutilie tone la wiski mbichi, ile ambayo haijaona pipa, katikati ya kiganja. Sugua viganja mpaka kileo kiruke, kisha unuse taratibu. Kwanza utapata shayiri, kama uji wa moto. Subiri. Baada yake, kwenye mistari ya kiganja ambako kumebaki utelezi kidogo, ule mshumaa utakuwa umezimwa sasa hivi.